Ndimi za Zambarau za Saint-Aubrin

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Naapa kwa mkono huu wa kulia, uliopeleka barua Saint-Aubrin miaka thelathini na sita bila kupoteza hata moja. Zile mbili zilizoingia mtoni nilizitupa kwa makusudi, kwa hiyo huwezi kusema zilipotea. Nikiongeza chumvi hata punje, mkono huu na ukauke. Mpaka sasa, kama mnavyoona, unaandika.

Jina langu ni Aristide Coquereau. Nina miaka themanini, meno saba yangu mwenyewe, na kijijini kwetu hakuna anayenipenda. Sijihurumii. Kijijini kwetu hakuna anayempenda mtu yeyote. Tumezaliwa hivyo, tunafundishwa hivyo, na tunazikwa hivyo, watu wa Juu kulia kwa njia ya makaburini na watu wa Chini kushoto.

Mwaka 1971, mwaka wa habari yangu, Saint-Aubrin ilikuwa na watu mia tatu na themanini na kila kitu mara mbili. Juu palikuwa na kanisa, shule ya masista, duka la mkate na baa. Chini palikuwa na shule ya serikali, duka la mkate, baa, na kituo cha treni ambacho treni zilikipita kwa kasi kana kwamba zimeambiwa habari zetu. Timu za mpira zilikuwa mbili, kila moja na wachezaji saba, maana hakuna upande uliowahi kufikisha kumi na mmoja. Bucha lilikuwa moja tu, la Mama Eulalie, lakini lilikuwa na milango miwili.

Ugomvi ulianza enzi za babu zetu, siku maafisa wa serikali walipokuja kuorodhesha mali ya kanisa na kukuta wanawake wamejipanga mlangoni na mauma ya kugeuzia nyasi. Wengine waliwapiga maafisa, wengine waliwafungulia mlango wa nyuma. Tangu siku hiyo, ukijua mtoto anasoma kwa masista au shule ya serikali, unajua babu yake alisimama mlango gani.

Mtu pekee aliyeruhusiwa kuingia kila nyumba alikuwa mimi na mkoba wangu. Walinipa mvinyo mweupe pande zote mbili, lakini usidhani ni upendo. Walitaka kujua wenzao wamepika nini.

Meya alikuwa Hyacinthe Pouvreau wa Juu, mfanyabiashara wa ndama, miaka thelathini na sita, mwili kama kabati. Kiti alikirithi kwa baba yake pamoja na upara. Na karani wa ofisi yake, kwa desturi ya vijiji vyetu, alikuwa mwalimu wa shule ya serikali. Ndivyo ilivyo kwetu: mwalimu ana mwandiko mzuri, basi Alhamisi, watoto wakipumzika, anakwenda kuandika mihtasari ya baraza. Kwa hiyo Mwalimu Bertille Naulin, msichana wa miaka ishirini na sita, mwembamba, mkavu, asiyecheka hata akitekenywa, aliketi kila Alhamisi mezani kwa mtu aliyetaka kuifunga shule yake, akiandika kwa mkono wake mwenyewe namna itakavyofungwa.

Silaha ya Pouvreau ilikuwa paa. Vigae vya shule vilikuwa vimeliwa na upepo, na mvua ya kwetu haiombi ruhusa. Wanafunzi kumi na tisa waliandika imla chini ya miavuli. Paa ni jukumu la kijiji, na kijiji ni meya. Kila Alhamisi Bertille aliliweka kwenye ajenda.

"Andika, Mwalimu," Pouvreau alikuwa akisema huku anachokonoa meno. "Paa limeahirishwa."

"Mpaka lini, Bwana Meya?"

"Mpaka lianguke. Likishaanguka hakuna tena cha kuahirisha."

"Niandike hivyo hivyo?"

"Andika vizuri, na mkia wa herufi. Serikali si inakulipa kwa mikia?"

Akaandika. Nilikuwepo, nimeleta barua ya rejista, nilimwona. Aliandika neno kwa neno, akakausha wino, akamsogezea asaini. Masikio yake tu ndiyo yalikuwa mekundu.

Januari mkaguzi wa shule alikuja, akatoka darasani na kofia iliyojaa maji, na wiki iliyofuata nikaleta barua yake. Paa lisipotengenezwa kabla ya Juni, shule inafungwa, na mwalimu anahamishwa. Watoto wa Chini wangepandishwa kilima kwa masista. Kwa watu wa Chini hiyo ilikuwa sawa na kuwapeleka utumwani, lakini msidhani walimhurumia Bertille. Walisema ni kosa lake kukubali kuwa karani wa Pouvreau.

Uchaguzi wa baraza ulikuwa Machi. Orodha ya Juu iliongozwa na Pouvreau. Orodha ya Chini iliongozwa na Ludovic Mériau, fundi wa matrekta, ambaye trekta likiingia kwake na ugonjwa mmoja lilitoka na mitatu. Juu walikuwa na kura ishirini zaidi. Kila mtu alijua kuhesabu, kwa hiyo kila mtu alijua Pouvreau atarudi, na shule itakufa.

Ndipo tukawekeana dau, mimi na Pouvreau, pale buchani. Yeye aliingia kwa mlango wake, mimi nilikuwa nimeingia kwa ule mwingine.

"Tarishi," akasema, "mbona baiskeli yako siku hizi inaegemea ukuta wa shule? Imeanza kujifunza kusoma?"

"Inakimbia harufu ya ndama, Bwana Meya."

"Muage vizuri mwalimu wako. Julai yuko milimani huko, anafundisha mbuzi."

"Hujashinda bado."

Alicheka mpaka soseji zikayumba kwenye kulabu. "Nisiposhinda, nakusukuma kwenye toroli toka mlango wa kanisa mpaka ofisi ya meya, mchana kweupe. Nikishinda, unanisukuma wewe, na kofia yako ya posta kichwani."

Dau la toroli ni la zamani kwetu. Kila uchaguzi kuna mtu anasukumwa. Nikanyoosha mkono.

"Ngoja," akasema Pouvreau, maana mfanyabiashara wa ndama haaminiki, naye haamini mtu. "Mtu asitie mkono. Mimi na wewe tunakaa pembeni, watu wanachagua wenyewe. Atakayetia mkono amepoteza."

"Amepoteza," nikasema. Tukashikana mikono juu ya gogo la kukatia nyama, na Mama Eulalie akashuhudia akiwa na panga.

Sasa lazima mjue tulivyokuwa tunapiga kura, la sivyo hamtaelewa chochote. Katika vijiji vidogo kama chetu karatasi ya kura ilikuwa na majina kumi na moja, na mpiga kura alikuwa na haki ya kumkata yeyote na kuandika mwingine pembeni, hata mtu ambaye hakuomba. Mjini watu hupiga kura kumchagua mtu. Kwetu tulipiga kura kumkata mtu. Kazi hiyo haikufanywa kituoni. Ilifanywa nyumbani, Jumamosi, juu ya meza ya jikoni, kwa rula. Kuna familia zilimkata binamu wao kwa vizazi vitatu kwa rula ile ile.

Jumamosi hiyo nilibeba karatasi za pande zote mbili nyumba kwa nyumba, nyumba tisini na mbili. Nilikabidhi, nikasalimu, nikaondoka. Ni hayo tu. Kama mtu aliniomba penseli, nilimwazima, maana tarishi hawezi kukataa penseli. Ilikuwa penseli ya posta ya kusainia rejista, ile ya zambarau ambayo haiandiki vizuri mpaka uilowanishe kwa ulimi, halafu inakuwa wino usiofutika. Ilikaa nyuma ya sikio langu. Sikuitia mkono, iliombwa.

Jumapili ikaja na mvua. Kwenye misa ya saa tatu padri aliwapa watu komunyo, na enzi hizo ilipokelewa kwa ulimi. Mtu wa kwanza alitoa ulimi wa zambarau. Wa pili, zambarau. Padri alipofika wa kumi na nne alirudi nyuma hatua mbili akafuta vidole kwenye kanzu, akidhani ni tauni. Chini hawakuwa wanakwenda kanisani, lakini kwenye baa yao, walipokuwa wanalamba povu kwenye sharubu, ungeapa wamekula zambarau kikapu kizima. Mimi mwenyewe niliwaeleza watu: ni jemu ya matunda pori, mwaka ule ilichachuka. Waliniamini. Na ninyi niaminini.

Kura zilihesabiwa darasani kwa Bertille, chini ya miavuli, kwa sababu chumba cha ofisi kilikuwa kidogo. Juu walikaa kulia, Chini kushoto, ndoo sita katikati. Bertille akiwa karani ndiye aliyesoma majina, na wahesabu wakachora vijiti. Karatasi ya kwanza ya Juu ilisomwa. Jina la Pouvreau lilikuwa limekatwa kwa rula. Pembeni pameandikwa jina jingine.

"Gaborit," akasoma.

Watu wakacheka. Zéphirin Gaborit alikuwa mgambo mstaafu wa kijiji, mzee wa miaka sabini na moja, na tukiwa hatuna jambo lolote la kukubaliana, tulikubaliana kumchukia yeye. Miaka thelathini aliandika faini. Baiskeli bila taa, faini. Mbwa bila kamba, faini. Nguo zimeanikwa upande wa barabara, faini. Alimwandikia padri kwa kupiga kengele kabla ya saa, na alimwandikia mama yake mzazi kwa kumwaga maji njiani, na mama akalipa. Alipostaafu, bendi zote mbili zilipiga muziki siku moja kwa mara ya kwanza, na hazikuwa zinamuaga.

Karatasi ya pili ilikuwa ya Chini. Mériau amekatwa. "Gaborit."

Hapo kicheko kilikuwa kidogo. Ya tatu, Gaborit. Ya sita, Gaborit. Kufikia ya ishirini zilisikika ndoo tu. Kila mtu alikuwa anamtazama jirani yake kwa pembe ya jicho, kwa sababu kila mtu alijua ameandika nini mwenyewe na alikuwa na hakika yuko peke yake.

"Unasoma vibaya, Mwalimu," akasema Pouvreau.

"Njoo usome wewe, Bwana Meya."

Akaenda. Alisoma tatu kwa sauti, Gaborit, Gaborit, Gaborit, akarudi kukaa.

"Nani kakukata, Hyacinthe?" Mériau akamuuliza toka upande wa pili. "Si watu wako hao?"

"Kama waliokukata wewe. Nenda kamuulize mkeo."

"Mke wangu hana haja ya rula, ananikata kwa mdomo."

Kwa ufupi, Pouvreau nje, Mériau nje. Waliopita ni watano wa Juu, watano wa Chini, na Zéphirin Gaborit, kura mia moja na arobaini na nane, wa kwanza kwa mbali. Hakuwepo. Alikuwa nyumbani analisha sungura. Walipokwenda kumwambia, aliuliza ni nani ameandika jina lake bila kibali, akatoa kijitabu.

Mtauliza ilikuwaje. Ni muujiza, nimelieleza hilo miaka yote. Kila mtu, jikoni kwake, alifikiri jambo lile lile saa ile ile: adui siwezi kumpa kura, lakini huyu kiongozi wangu mwizi naweza kumkata, na nafasi yake nimwandike yule mbwa wa faini, kura moja haitamdhuru mtu. Ni hewa. Machi hewa ya kwetu ni nzito, inabeba mawazo. Nimeona hata ng'ombe wanageuka upande mmoja wote.

Jumamosi iliyofuata baraza likakutana kumchagua meya. Duru ya kwanza, watano kwa watano, na kura moja tupu. Duru ya pili, vile vile. Duru ya tatu kila mmoja alifikiri moyoni: heri yeyote kuliko wale. Wakakunja karatasi zao wakiwa wamezificha kwa viganja kama watoto wenye pipi. Bertille akazifungua. Gaborit, kumi. Ya kumi na moja, yake mwenyewe, ilikuwa tupu tena.

Gaborit alisimama, akavaa utepe wa umeya, akauliza kuna nini kwenye ajenda.

"Paa la shule, Bwana Meya," Bertille akasema.

"Sheria inasemaje?"

"Kijiji ndicho kinachotunza jengo."

"Kimetunza?"

"Limeahirishwa mara sitini na moja."

Mzee akatoa kijitabu, akalowanisha kidole, akaandika faini kwa kijiji cha Saint-Aubrin, akaisaini kama mtoaji, akaisaini tena kama mpokeaji. Halafu akawaangalia madiwani kumi waliomweka pale kwa chuki. "Vigae viwe juu kabla ya Pasaka," akasema. "Atakayechelewa, najua anapofungia mbwa wake." Vilikuwa juu kabla ya Pasaka. Shule iliishi miaka thelathini na minane zaidi.

Na mimi nilisukumwa. Toka mlango wa kanisa mpaka ofisi ya meya, nusu kilomita, Pouvreau akihema kama ng'ombe anayezaa, mvua usoni, bendi ya Juu ikipiga wimbo mmoja na ya Chini ikipiga mwingine. Nilikuwa nimekaa juu ya mto wa hariri, navuta kiko. Tangu siku ile hajaniambia neno.

Hapo ndipo huwa ninaishia, na mtu ananiongezea glasi. Lakini nimeapa kusema kweli, basi lazima niwape na Alhamisi iliyopita.

Siku hizi Saint-Aubrin ina baa moja. Maduka ya mkate yamekufa yote mawili, mkate tunanunua kwenye mashine kando ya kituo. Kwa hiyo Juu na Chini tunakaa chumba kimoja, Juu meza ya dirishani na Chini meza ya jikoni, tukipeana migongo. Pouvreau ana miaka themanini na minne na bado ni kabati. Bertille anakaa katikati peke yake, hana upande. Kijiji chetu kinaunganishwa na vingine vitatu, ofisi inafungwa, na wamemwomba yeye apange makabrasha ya zamani. Alikuwa na jalada la kijivu mbele yake na chai iliyopoa.

Nilikuwa namsimulia mwenye baa, Nolwenn, mgeni, ana miezi minne tu kwetu na hajachagua wa kumchukia. Nilikuwa nimefika kwenye komunyo.

"Coquereau," akasema Bertille. "Zilikuwa rangi gani, ndimi hizo?"

"Zambarau, Mwalimu. Kama jemu."

"Sema kwa sauti. Pouvreau hasikii sikio la kushoto."

"Zambarau," nikasema. Nilipaswa kunyamaza, lakini glasi ilikuwa imejaa na Nolwenn alikuwa anacheka. "Wote. Juu na Chini."

"Hili la ndimi sikulijua. Siendi misani, na baa ile nilikuwa siingii." Akafungua jalada. "Karatasi za kura zinachomwa baada ya kuhesabiwa. Mimi ndiye niliyezichoma, kwenye jiko la darasa. Lakini zilizobishaniwa sheria inataka zibanwe kwenye muhtasari. Za mwaka ule zilikuwa nne. Zilibatilishwa kwa sababu waandishi hawakutosheka na jina, waliongeza tusi." Akaziweka mezani moja moja, kama mtu anayegawa karata. "Gaborit nguruwe. Gaborit mwana wa nguruwe. Hii ya tatu sitaisoma. Gaborit afe."

Nolwenn akainama. "Rangi nzuri," akasema, maskini. "Haijapauka."

"Haipauki. Mbili za Juu, mbili za Chini, mikono minne tofauti, rangi moja. Ofisini nilitumia wino mweusi. Watu wa kalamu walikuwa na bluu. Penseli ya zambarau ilikuwa moja tu kijijini, na nilikuwa naiona kila asubuhi ikipita dirishani kwangu nyuma ya sikio la mtu."

Meza ya dirishani iligeuka. Meza ya jikoni iligeuka.

"Niliazima tu," nikasema. "Watu waliomba."

"Nyumba tisini na mbili ziliomba?"

"Tisini na moja. Gaborit alikuwa na mbwa."

"Na ukiwaazima ulikuwa unasema nini?"

Kuna watu wanajua kuuliza. Huyu alifundisha miaka thelathini na minane, na nilijikuta nimekaa wima. "Nilisema, kwa siri, wewe peke yako, usimwambie mtu. Umkate huyo mwizi wako, umwandike Gaborit. Kura moja haimdhuru mtu."

"Kila nyumba?"

"Kila nyumba, Mwalimu."

Kiti kilikwaruza sakafu. Pouvreau alikuwa amesimama, na sauti yake, ambayo sikuwa nimeelekezewa tangu 1971, ilikuwa nyembamba kuliko nilivyoikumbuka. "Marehemu mke wangu alikuwa na ulimi wa zambarau Jumapili ile. Aliniambia amesukutua dawa ya koo." Akanitazama. "Uliingia jikoni kwangu, wewe panya."

"Nilikaribishwa. Alinipa maharage na paja la nguruwe. Rula alikuwa nayo tayari mezani, hiyo sikuleta mimi."

Mtu mmoja wa meza ya jikoni akacheka, halafu akakumbuka kwamba naye alikuwa na mke.

Nilimgeukia Bertille. Nilidhani, niseme kweli kwa kuwa nimeapa, kwamba angalau yeye angesema ahsante. Paa lilikuwa lake.

"Miaka arobaini na minane nimewasalimu watu hawa," akasema taratibu, akirudisha karatasi jaladani. "Wananigeuzia mgongo, nami nawasalimu. Nilijua penseli ni yako, lakini wazo nilidhani ni lao. Nilikuwa najiambia, huyu na yule, siku moja, jikoni kwake, alifikiria mvua inayowanyeshea watoto. Hawakufikiria chochote. Walikuwa wanakatana tu, kama kawaida yao."

"Mmoja alifikiria," nikasema.

"Ndiyo. Na amekaa anajisifia toroli." Akafunga jalada. "Dau lilisemaje, Pouvreau?"

"Mtu asitie mkono. Atakayetia mkono amepoteza."

"Basi," akasema Bertille, akanywa chai yake ya baridi mpaka mwisho.

Nilisema nina miaka themanini. Nilisema goti. Nilisema Mama Eulalie shahidi amekufa. Pouvreau alikuwa ameshatoka kwenda kutafuta toroli, na kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa nikaona mtu wa meza ya jikoni akimfungulia mlango mtu wa meza ya dirishani.

Tulianza mlango wa kanisa saa tisa mchana. Pouvreau alikuja amevaa koti la baridi, Juni hii, na mifuko yake iligongagonga alipokuwa anakaa kwenye toroli. Alikuwa ameweka vigae. Mto hakuhitaji. Kofia yangu ya posta Bertille aliitoa kabatini kwangu mwenyewe, nikashangaa anajua ilipo. Juu walisimama kulia kwa njia, Chini kushoto, na hakuna aliyepiga muziki kwa sababu wapigaji wamekufa. Walikuwa wananizomea pande zote mbili, kwa pamoja, maneno yale yale.

"Polepole kwenye mashimo, tarishi," Pouvreau akasema bila kugeuka. "Umebeba barua ya rejista."

"Umenenepa."

"Nimekula mara mbili, maharage na paja la nguruwe. Nilijua utakumbuka mke wangu alivyopika."

Kwenye kona ya bucha gurudumu lilizama na nikaomba nipumzike. Nikamwambia Bertille, aliyekuwa akitembea pembeni na mwavuli uliofungwa, kwamba nusu kilomita si mchezo kwa mtu wa umri wangu.

"Ni mita mia mbili na kumi," akasema. "Niliwapimisha wanafunzi kila mwaka. Na hukukaa juu ya mto wa hariri, ulikaa juu ya gunia la pumba. Nilikuwa dirishani."

Nikashika tena mipini. Mkono wa kulia, ule ninaouapia, ulikuwa umekufa ganzi mpaka begani.